Kupima, Kupanga, Kusoma: Uhakiki wa Lugha ya Elimu ya DNA, kwa Mfano wa Mkoa wa Singida

Katika miaka ya karibuni elimu ya kutambua mfuatano wa DNA na RNA imeingia katika maabara za Tanzania, na wasemaji wa Kiswahili wamehitaji kitenzi cha kuitajia kazi yake kuu. Vitenzi visikikavyo ni vitatu. Wengine husema kupima vinasaba. Wengine husema kupanga vinasaba, au upangaji wa jenomu. Na wachache husema kusoma. Watumiao maneno hayo huyachanganya kana kwamba maana yake ni moja, wala hakuna aulizwaye kwa nini amechagua hili akaacha lile. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba maana si moja: kitenzi cha kwanza chapunguza jambo, cha pili chapoteza, na cha tatu ndicho kielezacho litendekalo. Kosa hili si la mapambo ya lugha tu. Lamgusa mwanafunzi ajifunzaye kazi hiyo, na lamgusa zaidi mtu wa kijijini atoaye damu yake.

Mfano utakaotumiwa ni mkoa wa Singida, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Katika mkoa huo na mipakani mwake lugha zisizo na asili moja zimekaa bega kwa bega. Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyihanzu ni lugha za Kibantu. Kidatoga ni cha jamii ya Kiniloti. Na wilayani Mkalama, katika kijiji cha Munguli, wako Wahadza, ambao lugha yao yenye vidoko haijapatiwa ndugu wa hakika. Ng'ambo ya mpaka wa mashariki, wilayani Chemba katika mkoa wa Dodoma, wako Wasandawe, nao wana vidoko. Sababu ya pili ni kwamba DNA ya watu wa pande hizo, hasa Wahadza na Wasandawe, imechunguzwa na wataalamu wa ng'ambo tangu mwanzo wa karne hii, na matokeo yake yamejadiliwa duniani kote. Basi hapo elimu ya DNA na elimu ya lugha hukutana ana kwa ana, na neno likikosewa kosa halikosi wa kuumia.

I. Kupima

Kitenzi kupima ndicho kilichozoeleka zaidi. Mtu husikia habari za kipimo cha vinasaba katika mashauri ya baba na mtoto, au katika kutambua maiti baada ya ajali ya moto. Hapo neno limekaa mahali pake. Katika kazi hiyo fundi hasomi DNA yote, wala hata sehemu kubwa yake. Huangalia mahali pachache palipochaguliwa, mara nyingi ishirini hivi, ambapo kipande kifupi hurudiwa tena na tena, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya mtu na mtu. Huhesabu marudio, hulinganisha ya mtoto na ya wazazi, kisha hutoa jibu. Swali lilijulikana kabla ya kazi kuanza, na jibu likipatikana kazi imekwisha. Ndivyo kupima kulivyo katika Kiswahili. Mpimaji wa nafaka ana pishi yake, wala hategemei pishi imwambie jambo asilouliza.

Kazi ya kutambua mfuatano ni nyingine. Mfano mmoja wa nyumbani watosha. Watafiti wa Tanzania, wakiongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walichunguza DNA ya vimelea vya malaria kutoka mkoa wa Kagera, wakakuta badiliko katika jeni iitwayo K13, mahali pa 561, linalohusiana na kuchelewa kwa dawa za artemisinini kuviondoa vimelea katika damu. Ushahidi huo ulichapishwa mwaka 2024. Watafiti walijua jeni ya kuitazama. Lakini ni badiliko gani liko Kagera, na limeenea kiasi gani, hawakuweza kujua mpaka waisome herufi kwa herufi. Mwenye kuliita jambo hili kupima hajasema uongo, ila amelipunguza. Amemfanya msikiaji adhani kwamba kuna swali moja na jibu moja.

II. Kupanga

Kitenzi cha pili kina hatari kubwa zaidi. Mtu hupanga vyombo kabatini, hupanga askari safu, hupanga bei, hupanga njama. Katika matumizi hayo yote mpangaji ndiye mwenye kuleta utaratibu. Kabla yake haukuwako, au ulikuwa mwingine. Lakini mfuatano wa herufi za DNA haungoji mtu wa maabara. Uliwekwa siku mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama. Mashine ikiupanga mfuatano huo, itakuwa imeghushi.

Chanzo cha kosa chaelekea kuwa katika tafsiri. Kitenzi cha Kiingereza kitumikacho kimetokana na jina lenye maana ya mfuatano, nacho chaweza kubeba maana mbili: kuweka vitu katika mfuatano, au kutambua mfuatano uliokwisha kuwako. Wataalamu wa DNA hutumia maana ya pili. Mfasiri achukuaye maana ya kwanza hufasiri neno akaacha jambo.

Zamani kosa hili lingeweza kuachwa lipite, kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine ya kuligombania neno hilo. Sasa iko. Mwaka 2012 ilitangazwa njia ya kukata DNA mahali palipokusudiwa, ambayo baadaye imewawezesha wataalamu kubadili maandishi yake ndani ya seli iliyo hai. Na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya namna hiyo kwa wagonjwa wa selimundu. Hiyo ndiyo kazi iwezayo kuitwa kupanga upya kwa haki. Basi mtu akiambiwa leo kwamba damu yake itapelekwa kwenye upangaji wa vinasaba, ana haki ya kuelewa kwamba wataka kumbadili yeye au uzao wake. Akikataa kwa hofu hiyo, asilaumiwe kwa ujinga. Kiswahili amekijua sawasawa, na aliyemwambia ndiye aliyekikosea.

III. Kusoma

Kitenzi kusoma hakina budi kuthibitishwa kwa kazi yenyewe. DNA ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na alfabeti yake ni ya herufi nne tu: A, C, G na T. Mwaka 1977 Frederick Sanger na wenzake huko Cambridge walieleza njia ya kuzitambua kwa kunakili kipande cha DNA na kuikatiza nakala katika kila herufi, hata vikapatikana vipande vya kila urefu. Vikipangwa kwa urefu wao, herufi ya mwisho ya kila kimoja huonyesha mfuatano. Njia hiyo husoma herufi mia nane hadi elfu moja kwa mara moja, nayo ingali ikitumika. Njia iliyofuata, ambayo mashine za Illumina ndizo zilizoieneza, huvunja DNA kuwa vipande mamilioni, huvibandika juu ya kioo, kisha huviongezea herufi moja moja zenye rangi za mwanga, na kamera hupiga picha kila herufi iingiapo. Husoma vipande vifupi, herufi mia na hamsini hivi kutoka kila ncha, lakini husoma vingi mno kwa pamoja. Njia ya tatu hupitisha uzi wa DNA katika tundu dogo sana lililo katika utando wenye umeme. Kila kundi la herufi likipita, mkondo wa umeme hubadilika, na kompyuta hukisia herufi kutokana na mabadiliko hayo. Mashine ya namna hii hutosha kiganjani. Mwaka 2015 ilichukuliwa mpaka Guinea kusomea virusi vya Ebola karibu na wagonjwa wenyewe.

Msomaji wa jarida hili aliyewahi kushika hati ya kale ya Kiswahili atayatambua mambo haya. Hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazitenganishi b na p, wala i na e, wala u na o, na mara nyingi haziandiki sauti ya pua iliyo mbele ya konsonanti. Maandishi yale yale yaweza kuwa bata, au pata, au mbata. Mhakiki hulinganisha nakala kadhaa. Penye kurasa zilizoraruka huunganisha vipande kwa kutazama maneno yanayorudiwa mwishoni mwa kimoja na mwanzoni mwa kingine. Na penye shaka huandika pembeni kwamba pana shaka. Msomaji wa DNA hufanya vivyo hivyo. Husoma mahali pale pale mara nyingi, ili kosa la mara moja lisahihishwe na mara nyingine. Huunganisha vipande kwa sehemu zinazolaliana, au huvilinganisha na jenomu ya rejea iliyokwisha kusomwa. Kila herufi hupewa alama ya kiasi cha kuaminika kwake. Kila chombo kina udhaifu wake, kama kila mnakili alivyo na wake; kile chenye tundu, kwa mfano, herufi moja ikifuatana mara nyingi, AAAAAAA, huweza kukosea hesabu yake.

Hapa yafaa kukiri kwamba kupanga nako kuna mahali pake. Vipande vikiisha kusomwa ni lazima vipangwe ili vifanye maandishi mamoja. Lakini hilo ni tendo la pili. Baada yake liko la tatu, nalo ni kufasiri: badiliko hili lina maana gani kwa mwenye mwili? Kusoma, kupanga vipande, kufasiri: matendo ni matatu, na makosa yake ni ya namna tatu. Herufi yaweza kusomwa vibaya. Kipande kilichosomwa vizuri chaweza kuwekwa pasipo pake. Na maandishi yaliyo sahihi yaweza kufasiriwa kinyume. Mwanafunzi aliyepewa neno moja, upangaji, kwa yote matatu, atapoulizwa kosa limetokea wapi hatakuwa na maneno ya kujibia. Kwake yeye hasara hii ni ya kazi kabisa.

Habari ya RNA yaongeza nguvu hoja hii. RNA ni nakala ambayo seli huitoa katika DNA kwa ajili ya kazi, na penye T yenyewe huweka U. Seli ya ini na seli ya ngozi zina DNA ile ile, lakini nakala zinazotolewa ni mbalimbali. Na mtu akiugua, nakala katika seli zake za damu hubadilika. Basi asomaye DNA huuliza kitabu kimeandikwaje, na asomaye RNA huuliza ni kurasa zipi zinazonakiliwa leo na kwa wingi gani. Kwa kawaida RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kwa kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1970, kisha ndiyo husomwa. Tangu mwaka 2018 imechapishwa njia ya kuisoma yenyewe kwa mashine ya tundu. Mambo haya yote yasemeka vizuri kwa kusoma na kunakili. Kwa kupanga hayasemeki.

IV. Nasaba na vinasaba

Baada ya kitenzi lafuata jina. Vinasaba ni neno lililoundwa kwa ustadi: shina lake ni nasaba, lililokwisha kuwa la Kiswahili kwa karne nyingi, na kiambishi chake chaonyesha udogo. Limeenea katika magazeti na mahakamani, na hutumika katika kazi za Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, isimamiayo huduma za vinasaba vya binadamu chini ya sheria ya mwaka 2009. Kulifukuza haiwezekani, wala haifai. Lakini mipaka yake haina budi kuonyeshwa, na Singida ni mahali pazuri pa kuionyesha.

Nasaba si jambo la mwili peke yake. Ni hesabu ambayo watu wamekubaliana kuihesabu. Wanyaturu kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Wanyihanzu wa Mkalama, majirani zao, huhesabu kwa upande wa mama. Mtoto wa Mnyaturu na mtoto wa Mnyihanzu wamepokea DNA kwa njia moja, nusu kwa baba na nusu kwa mama; lakini ukiwauliza nasaba zao, mmoja atakuelekeza kwa babu mzaa baba na mwingine kwa ndugu za mama. Ukimwambia kila mmoja kwamba unatafuta vinasaba vyake, kila mmoja atakuwa amesikia jambo tofauti, na wote wawili watakuwa wamesikia lisilokusudiwa.

Tena ziko sehemu mbili za DNA zifuatazo njia moja tu. DNA ya mitokondria hupokewa kwa mama peke yake, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Uchunguzi mwingi wa mwanzo juu ya watu wa pande hizi ulitumia sehemu hizo mbili, kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi kufuatilia. Mwalimu asipozitenganisha na zilizosalia, mwanafunzi wa Kinyihanzu ataona kwamba mitokondria imethibitisha desturi ya kwao, na wa Kinyaturu ataona kwamba kromosomu Y imethibitisha ya kwake; kumbe hakuna iliyothibitisha desturi yo yote. Tena kimelea cha malaria kina DNA na bakteria ana DNA, na mtu aambiwaye habari za vinasaba vya bakteria hana budi kujiuliza ni ukoo gani unaotajwa.

V. Kusoma na kufasiri

Thamani ya kusema kusoma yaonekana zaidi katika kuhakiki yaliyoandikwa juu ya Wahadza na Wasandawe. Mwaka 1963 Joseph Greenberg aliziweka lugha zao katika jamii moja na lugha za vidoko za kusini mwa Afrika. Mwaka 2003 Alec Knight na wenzake walilinganisha DNA ya Wahadza na ya Waju|'hoansi wa kusini, wakakuta kwamba koo za watu hao zimetengana tangu zamani sana. Wakatoa rai kwamba, kwa kuwa wote wana vidoko, huenda vidoko vyenyewe ni vya makumi ya maelfu ya miaka. Rai hiyo ilitangazwa sana, na wako walioipokea kana kwamba mashine imesikia vidoko ndani ya damu.

Hapo ndipo matendo matatu yapasayo kutenganishwa. Herufi zilisomwa, na hakuna sababu ya kushuku kwamba zilisomwa vibaya. Kutokana nazo ilifasiriwa kwamba watu wametengana zamani. Fasiri hiyo ina nguvu. Kisha ikaongezwa fasiri ya pili, kwamba sauti za lugha zimerithiwa pamoja na herufi za mwili. Hiyo yahitaji ushahidi wake yenyewe. Vidoko huazimwa. Wazulu na Waxhosa ni Wabantu, na vidoko walivipata kwa majirani. Wadahalo wa pwani ya Kenya wana lugha ya Kikushi yenye vidoko. Isitoshe, wanaisimu wengi wa leo hawakubali tena kwamba Kihadza na lugha za kusini ni za jamii moja. Mtoto wa Mhadza akilelewa katika Kinyihanzu atasema Kinyihanzu, wala herufi moja ya DNA yake haitageuka kwa ajili hiyo.

Mfano wa kinyume nao uko. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, juu ya uwezo wa mtu mzima kuyeyusha sukari ya maziwa. Walikuta mahali paitwapo 14010, karibu na jeni ya kimeng'enya kinachohusika, wengi wana herufi C penye G. Nayo si badiliko lile lijulikanalo kwa watu wa Ulaya. Herufi hiyo ilionekana kwa wasemaji wa lugha za Kinilo-Sahara na kwa wasemaji wa lugha za Kikushi vilevile. Yaani ilivuka mpaka wa lugha. Basi katika eneo lile lile mwili waweza kushirikiana pale lugha zinapoachana, na lugha kushirikiana pale miili inapoachana. Asemaye kusoma na kufasiri ana nafasi ya kuliona hilo. Asemaye upangaji wa vinasaba amekwisha kuyafunga yote katika furushi moja.

VI. Mtoa damu

Hoja ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2012 zilichapishwa jenomu kamili za wanaume 15, watano Wahadza, watano Wasandawe, na watano wa jamii za wawindaji wa Cameroon. Kila mahali palisomwa kwa wastani zaidi ya mara 60, na mahali palipotofautiana palizidi milioni 13, pengi pakiwa hapajawahi kuandikwa po pote. Ni kazi kubwa, na yaonyesha jinsi vitabu vya elimu hii vilivyokuwa vimeiacha Afrika nyuma. Lakini yaonyesha pia tabia ya jambo lisomwalo: baada ya damu kwisha, maandishi hubaki. Yaweza kunakiliwa, kuhifadhiwa katika nchi nyingine, na kusomwa tena na mtu ambaye hakuwahi kuonana na mtoaji, kwa swali ambalo halikuwako siku damu ilipotolewa.

Jambo hili kupima hakulisemi, maana kipimo hukoma kwa jibu. Kupanga nako hakulisemi, bali kwaleta hofu ya jambo lisilokusudiwa. Kusoma kwalisema bila maelezo mengi, kwa kuwa kila mtu, hata asiyejua kusoma, ajua kwamba barua iliyokwisha kuandikwa yaweza kusomwa na asiyeandikiwa. Basi kitenzi ndicho kimpacho mtu nafasi ya kuuliza maswali yake ya haki: nani atasoma, atasoma nini, maandishi yatakaa wapi, na ndugu zangu waliomo ndani yake wataulizwa lini? Maana mtu akisomwa, baba yake na watoto wake wamesomwa nusu.

Yafikiriwe maneno mawili ya ridhaa, yote ya mfano tu. La kwanza: "Damu yako itatumika katika upangaji wa vinasaba kwa madhumuni ya utafiti." La pili: "Tutatoa DNA katika damu yako, na mashine itasoma herufi zake zote. Hatutabadili kitu mwilini mwako. Maandishi yatakayopatikana yatahifadhiwa, na watafiti wengine wataweza kuyasoma baadaye kwa maswali mengine. Maandishi hayo yatakuwa na habari za ndugu zako pia." La kwanza ni fupi, nalo lina sura ya kitaalamu. La pili lina maneno ambayo mwenyeji wa Munguli, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili, aweza kuyafikisha nyumbani na kuyajadili na wenziwe. Kamati ya maadili ikiwekewa yote mawili mezani, haina sababu ya kulipitisha la kwanza.

Yatokanayo

Kutokana na hayo yote yapendekezwa mambo manne. Kwanza, kusoma DNA na kusoma RNA yawe ndiyo maneno ya kazi hii, na usomaji wa jenomu uwe jina lake pale maandishi yote yanaposomwa. Pili, kupanga kubaki kwa kupanga vipande vilivyokwisha kusomwa, na kuhariri kutumiwe kwa kubadili maandishi ndani ya seli. Tatu, kupima kubaki mahali penye swali moja lililowekwa tangu mwanzo. Nne, DNA na RNA zibaki kwa herufi zake kama majina ya vitu vyenyewe, jeni na jenomu yatumiwe kwa maana zake, na vinasaba liachiwe mazungumzo ya watu na ya sheria juu ya urithi wa binadamu, wala lisitumiwe kwa bakteria na virusi.

Huenda ikasemwa kwamba wanafunzi wa elimu hii hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo Kiswahili chao si kitu. Ni kweli kwamba kijana wa Singida aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na sayansi ya sekondari, na baadaye ya chuo kikuu, kwa Kiingereza. Lakini kazi yake haiishii darasani. Siku moja atasimama mbele ya mzee wa Mkalama akiwa na sindano mkononi, na mzee atamwuliza kwa Kiswahili anataka kuifanyia nini damu yake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ambao ndio mwaka ulioanza ule mradi mkuu wa kusoma jenomu ya binadamu. Waliyoitunga hawakuweza kulijibia swali hilo. Waliopo sasa wanaweza, na mzee yule hapaswi kungojeshwa zaidi.